Amechora, Amekagua, Ameidhinisha

Hakuwa na cheti. Hakuwa na meza ya kuchorea, wala rula ndefu, wala bikari. Miviringo yake aliichora kwa kuzungushia penseli vifuniko vya chupa. Hakuwa na karatasi iliyo nyeupe pande zote mbili. Hakuwa na ofisi, kwa hiyo hakuwa na mlango wa kufunga wenzake walipomcheka. Hakuwa na mkubwa wa kumwombea neno, wala saini ambayo mtu yeyote aliijali. Na zaidi ya hayo, ingawa wakati ule hakujua, hakuwa na mwalimu wa kumwambia kwamba mashine huchorwa ikiwa imelala.

Alichokuwa nacho ni penseli iliyokaa sikioni kutwa nzima, na hiyo ndiyo iliyompa jina. Katika kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi hakuna aliyelikumbuka jina alilopewa na baba yake. Alikuwa Penseli, fundi bomba, mtu wa spana na katani, aliyeajiriwa kuziba panapovuja na kunyamaza.

Michoro ya kiwanda kile ililiwa na mchwa kabatini kabla hajaajiriwa. Kilichobaki ni mabomba yenyewe na vichwa vya wazee walioyafunga, na wazee hao walikuwa wakistaafu mmoja mmoja, kila mmoja akiondoka na kipande chake cha kiwanda kichwani. Siku moja mtu alifunga valvu ambayo hakuna aliyejua inalisha nini, na sabuni ya siku tatu ikaganda ndani ya tangi, ikabidi ichongwe kwa sululu kama mwamba. Penseli alikuwa mmoja wa waliochonga. Alipotoka ndani ya tangi lile, mikono imebabuka, alikuwa ameshaamua kwamba atakichora kiwanda chote.

Ilimchukua miezi kumi na minne. Zamu ilipokwisha alifuata bomba moja toka linapoanza mpaka linapoishia, akitambaa chini ya matangi, akipanda darini, akiligusa kwa mkono ili macho yasimdanganye. Mabomba yalipokwisha akafuata nyaya. Alichora nyuma ya karatasi za kufungia sabuni, zile zilizotupwa kwa sababu zilichapwa vibaya. Nyumbani mkewe alizikata kingo kwa mkasi wake wa kushonea, akaziunganisha kwa gundi ya unga wa ngano, mpaka zikawa karatasi moja yenye urefu wa kitanda. Mkewe huyo huyo ndiye aliyeshika ncha ya uzi kila mumewe alipotaka kupiga mstari mrefu ulionyooka. Chumba kizima kilinuka sabuni, na watoto walikula wamebanana ukutani ili wasikanyage tangi la tatu.

Alipomaliza, alimpelekea Injinia. Injinia alikuwa mgeni pale, kijana wa viatu vinavyong'aa, aliyesoma mbali na asiyependa joto la matangi. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akauliza maswali mawili, akasema iache hapa, nitaipitia.

Baada ya miezi minne mchoro ulitundikwa ukutani kwa meneja, umepigwa kwa wino mweusi, umewekwa ndani ya kioo. Kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na kile kisanduku ambacho kila mchoro lazima uwe nacho, chenye mistari mitatu: Amechora, Amekagua, Ameidhinisha. Mbele ya yote mitatu palikuwa na jina moja, la Injinia. Ilikuwa kama harusi ambayo bwana harusi ndiye mshenga na ndiye shahidi. Karatasi yenyewe ya asili Penseli aliikuta siku hiyo hiyo kwenye pipa la taka nyuma ya ofisi, ina duara la kikombe cha chai juu ya tangi la pili. Akaikunja, akaitia kifuani chini ya ovaroli, akaenda kwa meneja.

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama. Injinia alipoitwa hakupandisha sauti. Alisema kwa upole, kama anayemwonea huruma mgonjwa, kwamba fundi huyu alikuwa akimfuatafuata wakati yeye anapima mabomba, na pengine kwa kuona mengi amechanganyikiwa. Penseli alipoitoa karatasi yake, Injinia aliigusa kwa ncha ya kidole akasema ndiyo hiyo, alijaribu kunakili wangu. Kesho yake Penseli alikabidhiwa barua ya onyo, yenye saini ya Injinia na muhuri wa kiwanda, akaamriwa kusaini kwamba ameipokea. Sentensi moja ilimkaa kichwani kama jino bovu: "Mfanyakazi huyu hakuchora mchoro huo wala mchoro mwingine wowote, hana elimu ya kusoma mchoro, seuze kuuchora."

Wenzake walimtania wiki nzima, wakimwuliza kama penseli imevunjika ncha au imekwisha mti. Mwisho wa mwezi alijiandikisha shule ya jioni, akiwa na miaka arubaini na minne, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa wanawe. Hakwenda kutafuta elimu. Elimu aliipata njiani. Alikwenda kutafuta silaha.

Mwalimu wa michoro alikuwa mama mmoja mfupi, fundi umeme mstaafu wa reli, aliyeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na asiyevumilia mistari iliyopinda. Somo la kwanza aliwafundisha kwamba hakuna kitu kinachoitwa mchoro tu. Ni lazima useme ni mchoro gani na unamchorea nani. Mchoro wa visanduku ni wa bosi, anayetaka kujua nini kinaingia na nini kinatoka, basi. Mchoro wa mstari mmoja ni wa mtu wa umeme mkubwa, anayeona nyaya tatu kama moja. Mchoro wa mabomba unamwonyesha fundi kila valvu na kila geji. Mchoro wa nyaya ni wa anayefunga, unamwambia waya huu uende kwenye skrubu ile. Na mchoro wa mfumo ni wa anayefikiri, kwa sababu hauonyeshi vitu vilipo, unaonyesha vinavyofanya kazi.

Kisha akagonga ubao kwa chaki. "Na yote hiyo, nisikilizeni vizuri, huchorwa umeme ukiwa umezimwa. Swichi haijaguswa, valvu haijaamka. Mashine huchorwa ikiwa imelala. Ukiichora ikiwa inakimbia, atakayejenga kwa mchoro wako atajenga kinyume."

Vijana waliandika. Penseli hakuandika. Yeye alichora alichokiona, na alichokiona ni kiwanda kinachofanya kazi. Kila swichi iliyokuwa imejifunga kwa sababu mtambo unakimbia aliichora imejifunga. Valvu ya umeme chini ya tangi la juu la magadi, ambayo ikilala hujifunga na ikiamshwa hufunguka, aliichora iko wazi, kwa sababu aliikuta iko wazi. Na Injinia, aliyesoma mbali, hakwenda kutazama hata moja. Alipiga wino juu ya penseli, kosa kwa kosa.

Mtu mwingine angekwenda kesho yake kusema. Penseli alitembea nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Laini ya mitambo pale kiwandani ilikuwa imeshajengwa zamani, na valvu yake ilikuwa sahihi. Mchoro ulikuwa pambo la ukutani, haumdhuru mtu. Ila sasa ndani ya kioo kile kulikuwa na kosa ambalo siku moja mjuzi angeliona, na chini yake jina moja mara tatu. Kila alipopita mbele ya ofisi ya meneja alilitazama, kama mtu anavyotazama shamba lake. Alipata cheti chake baada ya miaka minne. Hakuna aliyemwuliza, naye hakumwonyesha mtu. Alikaa na siri yake mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kukaa nayo. Injinia alikuwa amepanda na kuwa Mkuu wa Ufundi, amenenepa, viatu vinang'aa vile vile.

Kabla ya kuondoka kiwandani Penseli aliacha mtu wake pale, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea kama mtoto wa kuzaa. Wenzake walimwita Geji, kwa sababu alikuwa akisoma kipimo kwa kupita tu na hakosei. Alikuwa mwendesha mtambo, na kila Jumapili alikuja kula kwa mjomba wake na kumletea habari za kiwanda.

Jumapili moja alikuja na habari kwamba laini ya pili imeanza kazi, na inakwenda vizuri ajabu.

"Injinia hata hakujisumbua kuchora upya, mjomba," alisema. "Wamejenga kwa mchoro ule ule wa ukutani kwa meneja."

Penseli aliweka kijiko chini. "Valvu ya magadi, ile ya chini ya tangi la juu. Waliagiza ya namna gani?"

"Kama ilivyochorwa. Walipeleka kopi ya mchoro kwa wauzaji, na wauzaji wakaleta."

Aliokota kijiko akaendelea kula. Aliuona mtambo mzima mbele ya macho yake. Wamefunga valvu ambayo ikilala iko wazi. Na swichi zinazoiongoza, kwa kuwa nazo zilichorwa kinyume, zinafanya kinyume. Kinyume cha kinyume ni sawa. Makosa mawili yameshikana mikono, na ndiyo maana mtambo uliamka siku ya kwanza bila tatizo. Ukibonyeza valvu ifunguke inafunguka, ukibonyeza ijifunge inajifunga. Lakini kufunga kwake sasa kunahitaji umeme. Siku umeme utakapokatika, valvu ile, badala ya kujifunga, itafunguka yenyewe, na magadi ya moto yatashuka kwa uzito wake bila kumwomba mtu ruhusa.

Alilipima neno kabla ya kulisema. Akisema sasa, Geji atalipeleka kwa Injinia, Injinia atabadilisha valvu kimyakimya, na huenda akasifiwa kwa kuliona kosa. Miaka ishirini na miwili itakuwa imekwenda na maji. Alijiambia kwamba kiwanda kina jenereta. Alijiambia ataandika barua kwa wenye kiwanda wenyewe, barua iliyonyooka, yenye kila kitu, ili kosa litoke pamoja na mwizi wake. Alianza kuiandika. Aliichana mara tatu kwa sababu haikuwa na makali ya kutosha.

Siku ya kumi na tisa tangu Jumapili ile umeme ulikatika. Jenereta yao huchukua dakika mbili kushika. Geji alikuwa amesimama kando ya tangi la chini akisoma kipimo, na tangi lilikuwa limejaa. Magadi yalifurika na kumshika mguu wa kulia kuanzia goti kushuka.

Penseli alimkuta wodini, mguu umefungwa bandeji, uso umekuwa wa kijivu. Alikuwa ameshaletewa barua kitandani. Inasema amesimamishwa kazi, kwamba alisahau kufunga valvu ya mkono, kwamba mtambo hauna kosa lolote. Saini aliijua kabla hajafika chini. Alikaa kwenye benchi la wodi, akaisoma mara mbili, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, na kilichomjaa kifuani hakikuwa huzuni, ingawa huzuni ilikuwa na haki ya kutangulia.

Wenye kiwanda walituma kamati ya watu watatu, na mmoja wao alikuwa fundi umeme wa kweli. Kabla Geji hajaitwa mbele yao, mjomba wake alimfundisha swali moja, akamwambia asiulize lingine hata wakimbembeleza. Geji alitaka kujua mjomba ameyajuaje. Penseli alimjibu kwamba alisoma shule ya jioni, na jibu hilo lilikuwa kweli, ingawa halikuwa lote.

Yaliyotokea huko Geji aliyasimulia akiwa na magongo yake mawili, na Penseli alimfanya ayasimulie mara tatu. Kamati ilianza kwa kumwuliza Injinia kama mchoro wa ukutani ni wake. Injinia alisema mbele ya watu kumi kwamba ni wake, na kwamba yeye mwenyewe alitembea bomba kwa bomba. Ndipo Geji akaomba kuuliza swali lake. Aliuliza kama mchoro ule umechorwa mashine ikiwa imelala au ikiwa inakimbia. Yule fundi umeme alivaa miwani, akasogelea kioo, akafuata waya mmoja kwa kidole, kisha wa pili, kisha akavua miwani akamtazama Injinia kwa muda. Geji alirudishwa kazini siku hiyo hiyo, akasubiriwa apone.

Lakini Injinia hakuwa mjinga. Usiku mmoja ulimtosha. Asubuhi yake alirudi kwa kamati na maneno mengine: kwamba kwa kweli mchoro ule ulichorwa na fundi bomba mmoja wa zamani asiye na cheti, jina la utani Penseli, na kwamba kosa lake yeye ni moja tu, kumwamini mfanyakazi wake. Kamati ikaandika barua kwa Mzee Penseli. Ilikuwa na swali moja. Je, mchoro huo ni wako?

Penseli aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akakaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa hajaiomba dunia kitu kingine. Alikuwa angali ameishika pale Injinia mwenyewe alipopiga hodi.

Alikuja mchana, peke yake, bila dereva. Mkewe Penseli alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, akaenda kukaa chumba cha pili ambako kila neno linasikika. Injinia alikuwa amebeba bomba la karatasi kwapani. Alilikunjua mezani: kopi mpya ya mchoro ule ule. Ila kwenye kona ya chini kulia, mbele ya neno Amechora, palikuwa wazi.

Alizungumza kwa muda. Alisema yeye alikuwa kijana wakati ule, na ujana ni moshi. Alisema amekuwa akijua siku zote kwamba ile ilikuwa kazi ya mtu mwenye kipaji, na kwamba hata wanafunzi wa chuo wangeshangaa kuona imefanywa nyuma ya karatasi za sabuni. Kisha akatoa kalamu mfukoni na kuiweka juu ya nafasi ile iliyo wazi.

"Mzee wangu, hiki ndicho ulichokitaka," alisema. "Andika jina lako. Mimi mwenyewe nitaupeleka ukutani."

Penseli aliitazama nafasi ile. Ilikuwa na upana wa vidole vitatu. Angeweza kuijaza kwa pumzi moja, na mkono wake, bila kumwuliza, ulikuwa umeshasogea nusu ya meza. Aliurudisha. Aliinuka, akaenda kabatini, akatoa faili lake la vyeti, na kutoka nyuma ya cheti cha shule ya jioni akachomoa karatasi moja iliyogeuka rangi ya chai.

"Nisomee hii, Bwana Injinia. Macho yangu yamechoka."

Injinia aliitambua kabla hajaipokea. Alisema hayo ni mambo ya zamani.

"Wino wake haujafutika. Nisomee pale nilipopiga mstari."

Injinia alisoma. Alianza kwa sauti ya mkutanoni, na kadiri alivyosoma sauti ilipungua, hata ilipofika kwenye "seuze kuuchora" ilikuwa ya mtu anayeungama. Kisha akaiweka chini na kukunja mikono.

"Unajua na mimi najua," alisema. "Ukiwaandikia kwamba si wako utakuwa umesema uongo. Mtu mzima kama wewe."

"Mimi sitawaandikia kitu, baba. Umeshawaandikia wewe."

Injinia akaikunja kopi yake, akasahau kalamu mezani, akaondoka. Penseli alimfuata mpaka kizingitini akamrudishia kalamu yake. Alimtazama akienda njia nzima ya vumbi, mpaka viatu vile vikapoteza kung'aa. Hakuwahi kula chakula kitamu kama kuondoka kule.

Mkewe alitoka chumba cha pili akiwa na mkasi mkononi na nguo aliyokuwa akishona. Aliketi kwenye kiti cha Injinia. Alimwuliza kwa nini asiwaandikie ukweli wote: kwamba mchoro ni wake, kosa ni lake, na wizi ni wa yule. Penseli alimweleza kwa subira, kama Mwalimu wa reli ubaoni. Akiandika hivyo, wataona fundi asiye na cheti aliyekosea, na mkubwa aliyemwamini. Mkubwa atakwaruzwa, fundi atavunjwa. Wizi wa miaka ishirini na miwili wataucheka. Lakini akinyamaza na kuwapa barua ya Injinia mwenyewe, Injinia hana pa kutokea. Mchoro ukiwa wake, kosa ni lake. Akitaka kuukana, lazima kwanza aseme kwamba barua yake ni ya uongo.

"Na sisi?" mkewe aliuliza. "Mimi nilizikata zile karatasi, baba watoto. Nilishika uzi mpaka vidole vikafa ganzi. Utawaambia hapakuwa na kitu?"

Penseli aliikunja barua ya kamati.

"Na mguu wa mtoto?"

Alimgeukia, akidhani hakusikia vizuri. Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hamtazami.

"Siku ile uliweka kijiko chini," alisema. "Miaka yote hii sijakuona ukisita kwenye chakula. Nilijua umeona kitu. Nilisubiri useme."

Kulikuwa na nzi mmoja kwenye glasi aliyoiacha Injinia, akipanda na kuteleza. Penseli alimtazama mpaka akafika juu. Alitaka kusema kwamba alikuwa ameshaanza kuandika, kwamba aliichana kwa sababu haikuwa kali, na alipoyapanga maneno hayo kichwani yalisikika kama ya Injinia. Akayaacha.

Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Mguu ule nitaulipa mwenyewe. Deni la Injinia haliwezi kusubiri."

"Haya," alisema mkewe. Hakusema amekubali.

Kesho yake asubuhi aliandika. Safari hii hakuchana kitu. Iliisha katika mistari minne, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa asipinde mistari: kwamba ameipokea barua ya kamati, kwamba swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani na kujibiwa na Injinia mwenyewe, kwa saini na muhuri, kwamba anaambatanisha jibu hilo, na kwamba hana la kuongeza wala kupunguza.

Bahasha ya dukani ilikuwepo mezani. Hakuigusa. Alivuta sanduku chini ya kitanda, akakunjua ile karatasi yenye urefu wa kitanda, ingali inanuka sabuni kwa mbali. Duara la chai lilikuwepo juu ya tangi la pili. Alitafuta tangi la juu la magadi, akashuka na bomba lake kwa kidole mpaka kwenye valvu, ile iliyo wazi. Akaomba mkasi.

Mkewe alimtazama akikata. Alikata mraba mkubwa kuzunguka valvu ile, taratibu, na tundu lililobaki katikati ya kiwanda lilionyesha sakafu. Aliukunja mraba kwa ndani, penseli ikaelekea ndani na maandishi ya sabuni yaliyochapwa vibaya yakaelekea nje, akabana kingo tatu kwa vidole. Alitafuta kitu cha kubandikia. Mkewe aliinuka bila neno, akakoroga unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, akaipoza gundi kwa kuipuliza, akamletea.

Alibandika kingo mbili, akatia ndani barua zote mbili, yake na ya Injinia. Alipaka gundi kwenye ulimi wa bahasha, akaukunja, akaupiga pasi kwa kiganja mpaka ukashika.

Posta palikuwa na watu wachache. Karani aliigeuza bahasha huku na huku, akanusa, akacheka kidogo, akauliza kama mzee anatuma barua au anatuma sabuni. Penseli alimjibu kwamba inategemea nani anakwenda kuoga. Karani akacheka tena, akaipima, akabandika stempu. Kisha akairudisha kwenye kaunta.

"Hujaandika nyuma, mzee. Jina la anayetuma."

"Lazima?"

"Hii ni ya rejista. Lazima."

Penseli alitoa penseli sikioni. Aliigeuza bahasha, akatafuta kona ya chini kulia, na bila rula akapiga kisanduku kidogo kilichonyooka pande zote nne. Ndani yake akaandika jina lake lote, alilopewa na baba yake, herufi kwa herufi, akapuliza vumbi la risasi. Karani alilisoma kwa sauti ili kuhakikisha, akalinakili kwenye daftari lake, akaigonga bahasha muhuri, akaitupa ndani ya gunia.